Maswali ya Wasomaji: Programu Huria au Programu ya Leseni?

Barua nne za mwezi huu zimetoka kwa watu wasiofahamiana, lakini zote zinahusu uamuzi mmoja: biashara itumie programu ambayo msimbo wake, yaani maandishi ya mtengenezaji yanayoiambia kompyuta la kufanya, uko wazi kwa kila mtu, au ilipie leseni ya programu ambayo mwenye nayo ameufunga msimbo wake. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa kuwa mwandishi wake ameeleza hali yake kwa tarakimu.

SWALI: Ndugu Mwandishi, nina maduka matatu ya vifaa vya ujenzi, mawili Mwanza mjini na moja Geita. Hadi leo stoo tunaiandika daftarini, na hesabu za mwezi mhasibu wangu anazikusanya kwa Excel. Wakala mmoja ameniletea programu ya mauzo na stoo kwa leseni ya shilingi 600,000 kwa kila mtumiaji kwa mwaka, nami nina watumiaji tisa. Mpwa wangu, aliyemaliza shahada ya kompyuta mwaka jana, ananiambia nisitupe fedha, kwani zipo Odoo na ERPNext ambazo ni za bure na zinafanya kazi hiyohiyo. Mke wangu hataki kusikia habari za vitu vya bure. Nimsikilize nani?
*Mfanyabiashara, Mwanza*

JIBU: Ndugu yangu, nianze na neno alilolitumia mpwa wako, kwa sababu ndilo linalowagombanisha hapo nyumbani. Kiswahili kimetupa maneno mawili, bure na huria, pale ambapo Kiingereza kina neno moja linalobeba maana zote mbili; Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, amelazimika kueleza kwa miaka mingi kwamba anachokizungumzia ni uhuru wala si bei. Programu huria ni ile ambayo msimbo chanzo wake uko wazi, na leseni yake inakuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote, kuisoma, kuibadilisha na kuwagawia wengine. Ile ya wakala ni programu miliki: unalipia ruhusa ya kuitumia, kwa idadi ya watu na kwa muda uliokubaliwa, na msimbo unabaki kwa mwenyewe. Ziko programu huria zinazouzwa, na ziko programu miliki zinazotolewa bila malipo, kwa hiyo bei peke yake haikuambii umeshika kitu gani.

Hata hizo mbili alizozitaja mpwa wako hazifanani. Odoo, iliyoanzia Ubelgiji, ina matoleo mawili: lile la jumuiya, ambalo ni huria, na lile la kampuni, linalolipiwa kwa kila mtumiaji. Uhasibu kamili uko katika toleo la kulipia. Katika toleo la jumuiya utatoa ankara na kupokea malipo, lakini mhasibu wako akitaka zaidi ya hapo ataanza kutafuta nyongeza zilizoandikwa na watu wengine. ERPNext, iliyoandikwa India, imetolewa yote chini ya leseni huria iitwayo GPL, toleo la 3, uhasibu ukiwemo, na kampuni yake hujipatia riziki kwa kuuza huduma ya seva na msaada. Mtu anayekwambia kwamba zote mbili ni za bure na zinafanya kazi moja hajakaa nazo mpaka mwisho wa mwezi.

Sasa tupige hesabu. Watumiaji tisa kwa shilingi 600,000 ni shilingi 5,400,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitano ni 27,000,000, ikiwa wakala hatapandisha bei, jambo ambalo mkataba wake lazima uliseme waziwazi. Upande wa pili leseni ni sifuri, lakini andika kwenye karatasi hiyohiyo seva utakayonunua au kukodi, betri na kifaa cha kuilinda umeme unapokatika, intaneti ya uhakika kati ya Mwanza na Geita, siku ambazo wauzaji wako watajifunza badala ya kuhudumia wateja, kazi ya kuhesabu stoo yote upya ili mfumo uanze na idadi sahihi, na ujira wa mpwa wako. Huo ujira wa mpwa ndio watu wengi hawauandiki. Kijana aliyesoma akifanya kazi ya miezi sita kwa nauli na chakula cha mchana, mwezi wa saba atapata ajira Dodoma, na utakaa na mfumo ambao hakuna mtu mwingine aujuaye nywila zake.

Kwa hiyo swali ambalo ningeliweka mbele ya swali la leseni ni hili: mfumo ukisimama tarehe 19, na ritani ya VAT inatakiwa tarehe 20, ni nani atakayekuja? Wakala wa programu miliki anaweza kuwa na ofisi Dar es Salaam na simu isiyopokewa, na fundi wa programu huria anaweza kuwa mtaa wa pili, au kinyume chake. Uzuri wa msimbo ulio wazi ni kwamba fundi akikushinda unaruhusiwa kumtafuta mwingine. Lakini ruhusa hiyo ina thamani pale tu ambapo huyo mwingine yupo. Mtume mpwa wako akutafutie mtu wa pili hapo Mwanza ambaye amekwisha kuweka ERPNext kwenye biashara inayoendelea kuitumia, kisha uende ukaione kwa macho yako. Asipompata, hoja yake imepungua nguvu sana.

Wote wawili, wakala na mpwa, wape mtihani mmoja mbele yako. Mtihani wenyewe uwe wa misumari. Wewe unanunua misumari kwa mfuko na kuiuza kwa kilo; mabati unayanunua kwa bando na kuyauza moja moja; nondo inaingia kwa tani na kutoka kwa kipande. Waambie waingize mfuko mmoja wa kilo 50, wauze kilo tatu na nusu, warudishiwe kilo moja na mteja aliyekosea kipimo, kisha wakuonyeshe kilichobaki stoo na thamani yake. Halafu uliza risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, itatokaje. Programu iliyoandikwa Ubelgiji au India usitarajie ije na njia ya kuzungumza na mfumo wa Mamlaka ya Mapato (TRA). Lazima mtu wa hapa aunganishe, au muuzaji wako aandike kila mauzo mara mbili, mara moja kwenye kompyuta na mara ya pili kwenye mashine, na jioni tarakimu hizo mbili hazitalingana. Usikubali kuambiwa kwamba inawezekana. Taka uione risiti ikitoka.

Jambo la mwisho ni mlango wa kutokea, nami nitalieleza kwa kisa nilichokishuhudia. Rafiki yangu muuza vipuri vya magari alitaka kuiacha programu ya leseni aliyoitumia miaka sita. Muuzaji hakumkatalia, alimpa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, na kumtakia heri. Tulipolifungua kwenye Excel, namba za vipuri zilizoanza na sifuri zilikuwa zimepoteza sifuri zake, hata 00471 ikawa 471, na 471 ilikuwa tayari ni bolti nyingine kabisa. Tarehe 3 Aprili ikasomeka Machi 4. Hayo tuliyarekebisha kwa kulifungua upya na kuiambia Excel isiziguse safu hizo. Kilichotushinda ni madeni: kila mdaiwa alikuwa na jumla yake, lakini ankara moja moja zilizoijenga jumla hiyo hazikuwamo, na hivyo mteja aliyebisha deni la shilingi 380,000 hakuweza kuonyeshwa limetokana na nini. Rafiki yangu na binti yake walikaa jioni za wiki mbili na mafaili ya karatasi, wakiandika ankara upya. Msimbo wa programu ile ungekuwa wazi, fundi yeyote angeingia kwenye hifadhidata na kuzitoa ankara zake zote. Hata hivyo niseme kwa haki kwamba programu huria iliyowekwa na mtu ambaye ameondoka na nywila za seva inaweza kukuweka katika shida hiyohiyo.

Ningekuwa wewe, ningeanza na ERPNext katika duka moja la Mwanza kwa miezi mitatu huku daftari likiendelea, ningemwandikia mpwa mkataba wenye mshahara, na ningemlipa mtu wa pili kiasi kidogo kila mwezi ili aujue mfumo. Nywila zingekaa kwenye bahasha ndani ya sefu, na nakala rudufu ingetoka kila usiku kwenda nje ya duka. Mara moja kwa mwezi mtu angeirudisha nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine kuona kama inafunguka. Mtu wa pili asipopatikana, chukua ya wakala, lakini mkataba utaje bei ya miaka mitatu na uandike kwamba siku utakayoondoka utapewa ankara, malipo na miamala ya stoo, kila muamala kwa mstari wake. Mkeo ausome kabla hujatia sahihi. Naona ndiye mwenye jicho la mikataba hapo nyumbani.

SWALI: Mwandishi, ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha na ina kompyuta sita. Fundi alituwekea Windows 10 na Microsoft Office kwa shilingi 1,000 kila mashine, na hatujawahi kudaiwa chochote tena. Je, hizo nazo si programu huria? Na kama si huria, tunaweza kuhamia LibreOffice bila kazi kusimama?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: La, si huria. Hizo ni programu miliki zilizokrakiwa, yaani zilizovunjwa kufuli la leseni, na shilingi 1,000 ulizolipa zilimwendea fundi, si mwenye programu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda programu ya kompyuta kama inavyolinda kitabu. Ukiacha sheria, fikiria jinsi kraki inavyowekwa: kwanza unaambiwa uzime kinga ya virusi, kisha unalikabidhi faili lisilojulikana lilikotoka mamlaka yote juu ya kompyuta ambayo ndani yake mna hati za mizigo ya watu. Tena Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo hata mwenye leseni halali amekwisha kutakiwa kuamua atahamia wapi.

LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, ilizaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice.org, ambayo wazee wa fani hii wataikumbuka kwa jina la Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili lililotolewa mwaka 2004 kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden. Barua, ankara na orodha za kawaida itazifungua bila matatizo. Mahali pa kuangalia ni pawili. Pa kwanza ni fonti: hati iliyoandikwa kwa Calibri, kompyuta isiyo na fonti hiyo itaipanga upya, na fomu yako ya ukurasa mmoja itamwagikia ukurasa wa pili, dawa yake ni kuweka fonti huria ya Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule. Pa pili ni mafaili ya Excel yenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, hasa yale ambayo hukuyatengeneza wewe bali unaletewa na mteja au ofisi ya serikali. Chukua hati zako kumi zenye matatizo zaidi, wala si kumi rahisi, uzifungue kwa LibreOffice kabla hujaamua. Kama mbili zitakataa, nunua leseni halali ya Excel kwa kompyuta moja na nyingine tano zihame. Hakuna sheria inayotaka ofisi nzima iwe ya rangi moja.

Usihamishe kila kitu kwa siku moja. Polisi wa Ufaransa wajulikanao kama Gendarmerie walianza na OpenOffice mwaka 2005, wakafuatia Firefox ya kufungulia tovuti na Thunderbird ya barua pepe, na ilipofika mwaka 2008, watumishi wakiwa wamekwisha kuzizoea programu hizo ndani ya Windows, ndipo wakaanza kubadili mfumo endeshi wenyewe kuwa Ubuntu, aina mojawapo ya mfumo huria wa Linux, wakabaki huko. Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, likahamisha kompyuta zinazokaribia 15,000, na mwaka 2017 baraza lake likapiga kura ya kurudi Windows. Wanaotetea kila upande hulieleza jambo hilo kwa namna yao, wengine wakitaja siasa na wengine programu za idara zilizokataa kufanya kazi. Mimi nalichukulia kama onyo kwa mtu anayedhani kwamba siku kompyuta ya mwisho inapobadilishwa, kazi imekwisha.

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo. Kamati yetu imependekezewa mfumo uliojengwa juu ya Apache Fineract, programu huria ya kuendesha akaunti na mikopo, lakini mwenyekiti anapinga. Anasema haiwezekani kuweka fedha za wanachama kwenye programu ambayo mwizi yeyote anaweza kuusoma msimbo wake. Naomba nimjibu nini?
*Katibu, Kericho*

JIBU: Mwambie mwenyekiti kwamba wasiwasi wake una msingi, ila hauishii upande mmoja. Mwaka 2014 iligunduliwa hitilafu iliyopewa jina la Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani. Hitilafu hiyo ilikuwa imekaa wazi kwa miaka miwili bila mtu kuiona, ingawa kila mtu aliruhusiwa kuisoma. Kwa hiyo anayedai kwamba macho mengi hayakosi kosa anatia chumvi. Kwa upande mwingine, virusi vya WannaCry vilivyofunga kompyuta za hospitali Uingereza mwezi Mei 2017 vilipitia tundu la Windows, ambayo msimbo wake umefungwa, na Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka, yaani marekebisho ya kuliziba tundu hilo, mwezi Machi. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Machi 2024. Mtu aliyekuwa amejijengea uaminifu kwa miaka kadhaa alipenyeza mlango wa siri ndani ya XZ, programu ndogo huria ya kubana mafaili. Mhandisi Andres Freund alihisi kwamba kuingia kwenye mashine yake kulikuwa kumechelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia, na kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, aliweza kuchimba mpaka akaufikia mlango wenyewe. Kisa hiki kinaonyesha mambo mawili kwa pamoja: mwizi anaweza kuingia kwenye mradi ulio wazi, na mtu asiye mwajiriwa wa mradi huo anaweza kumfichua.

Katika chama kama chenu, hata hivyo, hatari iliyo karibu zaidi haimo ndani ya msimbo. Imo katika karani watatu wanaotumia nywila moja, katika mtumishi aliyeacha kazi Januari na bado anaweza kuingia Juni, na katika mkopo unaoingizwa na kuidhinishwa na mtu yuleyule. Kamati ikikutana na wauzaji, waulize nani anaweka viraka, kila baada ya muda gani, na kama mfumo unaandika kumbukumbu ya kila mabadiliko ambayo hata msimamizi wake hawezi kuifuta. Fahamu pia kwamba Fineract ni injini, si gari zima. Skrini za karani, muunganisho na M-Pesa na ripoti za msimamizi wa sekta ni kazi ya kampuni itakayowahudumia, na ubora wake utafuata ubora wa kampuni hiyo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo itawashika ninyi kama chama endapo taarifa za wanachama zitavuja, uwe msimbo ulikuwa wazi au ulifungwa.

SWALI: Nimechukua programu huria ya duka la dawa yenye leseni ya GPL, nikaiongezea Kiswahili na ripoti za bima, na sasa nawauzia wateja. Mwenzangu ananitisha kwamba lazima niuweke msimbo wangu wote hadharani. Ni kweli?
*Mwandaaji programu, Dar es Salaam*

JIBU: Mwenzako amekaribia lakini amepitiliza. GPL inakuruhusu kuuza, na haikulazimishi kuutangazia ulimwengu. Inakutaka umpe msimbo, pamoja na mabadiliko yako, yule uliyempa programu, na umwachie haki zilezile ulizozipata wewe. Mteja wako mmoja akiamua kumgawia duka la jirani, huwezi kumzuia, kwa hiyo panga bei yako juu ya huduma, mafunzo na marekebisho, wala si juu ya siri. Ukiwa unawahudumia wateja kutoka kwenye seva yako na hawachukui nakala, GPL ya kawaida haikudai uwape msimbo. Lakini kama leseni ni AGPL, watumiaji hao wa mtandaoni nao wana haki ya kuupata. Na kama ingekuwa leseni ya MIT, ungeweza kuufunga msimbo wako kabisa, mradi uiache taarifa ya hakimiliki ya mwandishi wa kwanza. Herufi moja tu, ile A ya AGPL, inabadilisha biashara nzima, kwa hiyo fungua faili linaloitwa LICENSE au COPYING katika folda ya programu uliyoichukua, usome liliandikwaje, na uangalie pia leseni za maktaba za msimbo zilizoambatana nayo, kabla hujamwandikia mteja mwingine ankara.